Uwanjani Kocha, Nyumbani Mjomba: Nimpe Nani Namba?

BARUA

Shikamoo Mama,

Najua wengi wanaokuandikia wana shida za ndoa na mirathi. Yangu ni ya mpira, tena si huu wa miguu, ni ule wa Kimarekani, wa helmeti na mabega ya plastiki. Naomba usinicheke. Tangu kambi ya mazoezi ya Agosti ianze usingizi wangu si usingizi.

Mimi ni mzaliwa wa Kigoma. Nililetwa Marekani nikiwa mtoto, nikaucheza mchezo huu sekondari na chuoni, na sasa ni kocha msaidizi katika chuo kidogo cha majimbo ya kati, si vile vinavyoonyeshwa kwenye runinga. Kazi yangu ni kuwanoa makwotabeki. Kwa wasomaji wako wasioujua mchezo: kwotabeki ndiye anayepokea mpira kila shambulizi linapoanza, halafu ana sekunde mbili tatu za kuamua aurushe kwa nani, ampe mwenzake akimbie nao, au akimbie mwenyewe. Wengine wote unaweza kuwaingiza na kuwatoa utakavyo. Huyu huwa mmoja, na timu nzima inamtazama yeye.

Mwaka huu ninao wawili.

Wa kwanza nimwite Mkubwa. Huu ni msimu wake wa mwisho. Misimu mitatu amesugua benchi nyuma ya mwenzake aliyehitimu majuzi, na sijawahi kumwona amenuna. Kitabu cha mbinu amekimeza. Akifika kwenye mstari anasoma walinzi wamesimamaje, ananyoosha kidole, anabadilisha mpango palepale, na mara nyingi anakuwa sahihi. Ila mkono wake ni wa kawaida. Pasi ndefu ikitoka kwake inaelea, na mlinzi aliyekuwa amechelewa anapata muda wa kufika.

Wa pili ni Mgeni. Alihamia kwetu Januari kutoka chuo kikubwa alikokosa namba. Mama, huyu kijana ana mkono! Mpira ukimtoka unalia hewani. Na miguu anayo. Lakini anarusha katikati ya walinzi watatu kwa imani tu kwamba utapita. Ukipita, uwanja mzima unaruka. Usipopita, tunabaki kushika vichwa. Kwenye vikao vya kuangalia video anaingia dakika ya mwisho na simu mkononi.

Wale majitu wa mstari wa mbele, wanaomkinga kwotabeki asivunjwe, wanampenda Mkubwa. Wapokeaji, ambao maisha yao ni pasi ndefu, wanamtaka Mgeni na hawafichi.

Sasa sikiliza penye mwiba. Mkubwa ni mtoto wa dada mmoja Mkongo kutoka Uvira. Walikaa kambi ya Nyarugusu kule Kasulu kabla ya kuletwa huku, na mama yangu na yeye wanasali kanisa moja. Hatuna damu moja, lakini yeye ananiita kaka, na mwanawe ananiita mjomba. Akiwa uwanjani ananiita kocha. Ni mimi niliyekwenda sebuleni kwao kumwomba mama yule amwachie kijana aje kwetu, wakati kilikuwapo chuo karibu na nyumbani. Yule dada anafanya kazi kiwanda cha nyama, zamu ya usiku. Alinisikiliza hadi mwisho amevaa tayari koti la kazini, akaniuliza neno moja tu: "Atacheza?" Nikamjibu, "Dada, mwanao yuko mikononi mwangu."

Kocha mkuu anataka nimpelekee jina moja Jumatatu. Nitakalolipeleka ndilo atakalolitangaza. Habari za ujamaa wetu hazijui.

Nikimpa Mkubwa, nitajuaje kuwa si undugu ulionisukuma? Nikimpa Mgeni, nitajuaje kuwa sikumtoa mwana wa dada yangu kafara ili nionekane mtenda haki? Naandika kila pasi ya mazoezi kwenye daftari, ya nani imefika na ya nani imenaswa. Kila nikilifungua naona kile ninachotaka kuona siku hiyo. Tena lipo hili: je, nimpigie mama yake kabla mambo hayajatangazwa?

Mwanao,
Mjomba, Marekani

JIBU

Marahaba mwanangu,

Nikucheke kwa lipi? Nimeishi Columbus, Ohio, miaka ya kutosha, na mji ule Jumamosi ya vuli hununui hata mkate bila kuambiwa habari za kwotabeki. Majirani zangu walikuwa hawajui jina la diwani wao, lakini la kijana wa chuo aliyepoteza pasi mbili wanalijua pamoja na la babake. Kwa hiyo naujua uzito wa hicho unachotakiwa kupeleka Jumatatu.

Kama nimekuelewa, una vijana wawili na namba moja. Mmoja amesubiri na anajua, mwingine amekuja juzi na ana kipaji cha kuonekana kwa macho. Hilo peke yake makocha hukutana nalo kila mwaka. Lako limekuwa zito kwa sababu kwa yule wa kwanza kuna sebule, kuna koti la kazini na kuna neno ulilolisema. Umefika mahali huamini tena macho yako.

Nianze na daftari, maana umelitegemea sana. Kwenye mazoezi makwotabeki wenu huvaa jezi ya rangi yao peke yao, na amri ni kwamba hakuna ruhusa ya kuwagonga. Basi daftari lako limeandikwa na vijana wasioguswa. Mkubwa anasoma walinzi vizuri akiwa amesimama kwa raha. Je, akishaangushwa mara tatu na majitu ya kilo mia na ishirini, bado atanyoosha kidole? Na Mgeni anayerusha penye watu watatu, ni ujasiri, au ni kwa kuwa anajua hakuna wa kumwumiza? Daftari haliwezi kukujibu. Jambo lingine: nani alikuwa anamrushia nani? Nadhani Mkubwa, kwa ukongwe wake, anafanya mazoezi na kikosi cha kwanza, na Mgeni anapewa wapokeaji wa akiba na ukuta wa akiba. Kama ndivyo, unapima maji kwa vibaba viwili tofauti. Ungeweza kuwabadilishia vikosi siku zilizobaki uone. Hatari yake unaijua kuliko mimi: kila zamu unayompa mmoja umemnyima mwingine, na mechi ya kwanza iko mlangoni.

Halafu naomba unisamehe, nimeihesabu barua yako. Juu ya Mkubwa najua alikotoka, mama yake anafanya kazi gani, alivumilia vipi, anawaitaje watu. Juu ya Mgeni najua mkono, miguu na simu. Hiyo simu anaongea na nani? Kijana aliyeondoka chuo kikubwa bila namba, akaja mahali asipojua mtu, huenda naye ana mama anayemuuliza kila jioni kama atacheza. Sisemi ni hivyo. Nasema hujaniambia, na nina wasiwasi hujamuuliza. Labda anachelewa kwa kiburi kweli. Labda ni aibu ya mtu anayejua kwamba chumbani mle wote wanakijua kitabu kuliko yeye. Hizo ni tabia mbili na dawa zake ni mbali kabisa, mmoja anahitaji kukemewa na mwingine anahitaji kukaa na wewe ofisini saa moja zaidi bila watu.

Na Mkubwa naye nimfikirie kidogo. Umeandika kuvumilia kwake kama deni ambalo timu inadaiwa. Naelewa, sisi tumelelewa kwamba mvumilivu hula mbivu. Lakini umewahi kumuuliza kama anataka kupewa namba kwa sababu alisubiri? Mtu akipewa kwa huruma, wenzake karibu mia moja wa chumba kile watajua kabla yake. Ipo mifano ya waliosubiri mahali pamoja wakavuna pengine. Kwotabeki Joe Burrow alikaa Ohio State, chuo cha pale kwetu Columbus, misimu mitatu, akakosa namba, akahamia LSU, chuo cha jimbo la Louisiana, mwaka 2018. Msimu wa 2019 timu yake ikashinda mechi zote 15 na ubingwa wa taifa, naye akatwaa tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo. Pale Columbus kuna watu mpaka leo hawataki kuzungumza habari hizo. Simtaji ili ujifariji kwamba kila anayekosa atakuwa Burrow, maana wengi hawawi. Namtaja kwa sababu wewe umeandika "kafara", kama vile asiyeanza Jumamosi ya kwanza amezikwa.

Njia ya kugawana hujaitaja, nami nadhani umeiacha kwa sababu ya ule msemo wenu kwamba mwenye makwotabeki wawili hana hata mmoja. Msemo una ukweli lakini si sheria. Mwaka 2006 chuo cha Florida walimwanzisha Chris Leak, mtu wa mwaka wa mwisho, wakawa wanamwingiza kinda Tim Tebow kwa kazi maalumu, hasa ya kukimbia na mpira penye msongamano, na wakatwaa ubingwa kwa kuifunga Ohio State 41 kwa 14. Ile ilifaa kwa kuwa kazi zao hazikufanana na kila mmoja aliijua yake. Ilishindikana kwetu Columbus mwaka 2015. Msimu uliotangulia J.T. Barrett alivunjika kifundo cha mguu, Cardale Jones akaingia akashinda mechi tatu kubwa mfululizo na ubingwa juu yake. Waliporudi wote wawili wazima, msimu mzima ukaenda kwa leo huyu kesho yule. Walifungwa mechi moja tu, 17 kwa 14 na Michigan State, lakini ilitosha kuwanyima ubingwa, na niliowasikia wakilalamika walilalamikia jambo moja: hakuna aliyejua timu ni ya nani.

Michigan nao walijaribu namna mbili. Mwaka 1999 walikuwa wakimwanzisha Tom Brady robo ya kwanza, robo ya pili anaingia Drew Henson, na baada ya mapumziko kocha anachagua aliyemfurahisha. Ndiyo, Brady yule yule aliyekuja kuwa nyota mkubwa wa ligi ya kulipwa. Mwaka 2022 Cade McNamara alipewa mechi ya kwanza na J.J. McCarthy ya pili, kisha McCarthy akabaki na namba moja kwa moja. Ile ina uzuri wake, kwamba kila mtu ameona kwa macho yake, hata aliyekosa. Ubaya wake ni kwamba kijana anacheza akiwa na hofu ya kosa moja. Mtu kama Mgeni, ambaye nguvu yake ni kuthubutu, unaweza ukamwua kwa mtihani wa namna hiyo. Au ukamfundisha adabu ya mpira. Hapo ndipo inabidi umjue kwanza.

Kuna usiku mmoja nadhani unaukumbuka vizuri kuliko mimi. Januari 8, 2018, Atlanta, fainali ya taifa. Jalen Hurts wa Alabama, ambaye tangu awe namba moja alikuwa amepoteza mechi mbili tu, anakwenda mapumzikoni timu yake iko nyuma 13 kwa 0. Kocha Nick Saban anamtoa, anamwingiza Tua Tagovailoa, kinda wa mwaka wa kwanza. Kwenye muda wa nyongeza huyo kinda anashindwa kuutoa mpira, anaangushwa, wanapoteza yadi 16. Jirani yangu alizima televisheni kwa hasira. Mpira uliofuata alirusha yadi 41, tachidauni, yaani bao, 26 kwa 23, mchezo umekwisha. Ni kijana yule yule, kwa mipira miwili iliyofuatana. Ungekuwa na daftari lako usiku ule, ungeandika nini?

Hurts hakuhama. Desemba mwaka huo huo, uwanja ule ule, wapinzani wale wale Georgia, Tua akaumia, Hurts akatoka benchi akaokoa mechi, 35 kwa 28. Mwaka uliofuata, akiwa na shahada yake mkononi, akaenda Oklahoma, na Februari 2025 akawa mchezaji bora wa Super Bowl, fainali ya ligi ya kulipwa. Watu hupenda kuishia hapo na kusema, unaona, uvumilivu! Lakini msimu huo huo wa 2018 pale Clemson, Kelly Bryant aliambiwa baada ya mechi nne kwamba namba sasa ni ya kinda Trevor Lawrence, naye akafunga mizigo akaondoka wiki ile ile. Jumamosi iliyofuata Lawrence akaumia. Waliokolewa na Chase Brice, ambaye siku chache nyuma alikuwa wa tatu, wakashinda 27 kwa 23 kwa taabu. Msimu wakaumaliza mabingwa. Mimi simlaumu Bryant hata kidogo. Alikuwa na mwaka mmoja umebaki na alitaka kuucheza.

Nakusimulia hayo kwa sababu siku hizi kuhama ni rahisi kuliko ulipokuwa unacheza wewe, na utakayemwacha anaweza kuondoka, kama si leo basi msimu ukiisha. Mgeni amekwisha kuondoka mara moja, njia anaijua. Mkubwa hana msimu mwingine wa kuhama nao, yeye akikosa amekosa. Je, hilo liingie kwenye mizani? Wapo makocha watakaokuambia kamwe, chagua wa kushinda Jumamosi. Wapo watakaokuambia chuo kidogo si biashara, unalea watu. Nionavyo mimi, wewe umeshajua uko upande gani wa mabishano hayo, ila unaogopa kwamba upande huo unamfaa kijana wako.

Na hilo linanileta kwa kocha mkuu. Umelitaja kwa sentensi moja fupi na kulipita, kwamba habari za ujamaa hazijui. Mimi nimelisoma mara mbili. Katika mchezo huu ujamaa si jambo geni. Kocha Deion Sanders alimfundisha mwanawe wa kumzaa, Shedeur, hapo Jackson State na kisha Colorado, na huyo ndiye aliyekuwa kwotabeki wake. Watu walisema mengi, lakini hakuna aliyeweza kusema amefichwa. Kwako wewe, jina lolote utakalolipeleka litakuwa na kitu chini yake. Siku mtu akimsikia Mkubwa anakuita mjomba pale kwenye maegesho, hata chaguo lililokuwa safi litanuka.

Ukimwambia kocha mkuu kabla ya Jumatatu, mambo kadhaa yanaweza kutokea. Anaweza kucheka na kusema endelea. Anaweza kukunyang'anya uamuzi na kuufanya mwenyewe, na sijui moyoni mwako hilo lingekuwa fedheha au pumzi. Anaweza pia kukasirika kwamba umekaa kimya kambi nzima, na wewe ni msaidizi, mkataba wako uko mikononi mwake. Hatari hiyo ni ya kweli na sitaifanya ndogo. Mimi silipi kodi yako. Usipomwambia, utaibeba siri pamoja na jina, na ukishindwa mechi mbili za mwanzo utaanza kuwaza kama siri ndiyo iliyochagua.

Sasa dada yako. Alikuuliza "Atacheza?" na wewe hukujibu atacheza wala hatacheza, ulijibu yuko mikononi mwako. Wewe umelichukua jibu hilo kama ahadi ya namba. Una hakika yeye alilisikia hivyo? Mama aliyetoka Uvira akapita Nyarugusu hadi hapo alipo, na sasa anakesha kiwandani, pengine alikuwa anauliza kama mwanawe ataangaliwa na mtu akiumia. Mkubwa anasoma mwaka wa mwisho, yuko mzima, hajanyanyaswa, anaelekea kuhitimu. Au pengine nimekosea, na aliuliza juu ya mpira kabisa, na kanisani amekwisha kuwaambia wenzake kwamba mwaka huu mwanawe anacheza. Mwenye kujua ni yeye.

Juu ya kumpigia, hilo ndilo pekee ninaloweza kukuambia bila kusitasita. Kijana ni mtu mzima. Habari ya namba yake aisikie kwanza yeye, kutoka kwako, uso kwa uso, mlango umefungwa, na mwenziwe naye vivyo hivyo siku hiyo hiyo. Akiipata kwa mama yake, iwe njema au mbaya, utakuwa umemrudisha utoto mbele ya wenzake. Lakini pia usiache dada yako aje kuisikia kwa waumini. Mpigie jioni ile ile kabla hajaingia zamu, na kama ni habari ngumu usimzungushe na maelezo ya walinzi na yadi. Atataka kujua mwanawe ameipokeaje na nani yuko naye usiku huo. Uwe na jibu la hayo mawili kabla hujabonyeza namba yake.